Wilaya ya Kachchh (Gujarat, India): taluka 10, na watu 2,058 waliozidi kwenye jumla

#1 · Mchanganuo

Wakuu, habari za jioni.

Wanaotafsiri, wanaochora ramani na wanaopekua nyaraka za zamani za Unguja, Lamu na Mombasa hukwama sana kwenye jina moja: Cutch, Kutch, Kachchh. Ni mahali pamoja. Kachchh ndiyo tahajia ya sensa ya India, nami nitaifuata hiyo. Cutch ni ya Waingereza wa enzi zile, na Kutch ndiyo imetawala magazetini.

Kiutawala ni wilaya moja ya jimbo la Gujarat, magharibi kabisa mwa India, na kaskazini inapakana na Sindh ya Pakistan. Makao makuu ni Bhuj. Eneo lake ni kilomita za mraba 45,674, wakati Gujarat nzima ni 196,024. Wilaya moja imebeba karibu robo ya ardhi ya jimbo. Watu ni kinyume chake: sensa ya 2011 ilihesabu 2,090,313 katika jimbo lenye zaidi ya milioni 60. Hawafiki hata wanne katika kila mia.

Chini ya wilaya kuna taluka 10. Idadi ya watu kwa sensa ya 2011:

Bhuj – 443,269
Gandhidham – 327,166
Anjar – 235,537
Rapar – 217,315
Mandvi – 203,373
Bhachau – 186,035
Mundra – 153,219
Nakhatrana – 146,367
Abdasa – 117,538
Lakhpat – 62,552

Angalieni hizo tatu za mwisho. Nakhatrana, Abdasa na Lakhpat ndizo upande wote wa magharibi wa wilaya, na ukizijumlisha unapata watu 326,457. Gandhidham peke yake, kitaluka kidogo kilichobanwa kando ya bandari ya Kandla, ina 327,166. Tofauti ni watu 709. Mtu akipaka rangi ramani ya Kachchh kwa idadi ya watu bila kujua hilo, atadhani kakosea.

Maswali karibuni.

#2 · kikokotoo_cha_dukani

Mkuu, asante, ila nimezijumlisha hizo taluka kumi mara mbili na zote nimepata 2,092,371. Juu umeandika wilaya ina 2,090,313. Kuna watu 2,058 wamezidi. Taluka gani imekosewa?

#3 · BintiTakwimu

Hakuna taluka iliyokosewa. Aliyeanzisha uzi kachota namba kutoka vyungu viwili.

Sensa ya India hutoa matokeo kwa awamu. Kwanza yanakuja matokeo ya awali, yanayotokana na muhtasari ambao kila karani wa sensa anaujaza kwa mkono baada ya kumaliza eneo lake. Yale ya 2011 yalitangazwa 31 Machi 2011, wiki chache tu baada ya kuhesabu, na hapo Kachchh ilipewa 2,090,313. Baadaye dodoso zenyewe zinachakatwa moja moja na kupatikana matokeo ya mwisho, yaliyotoka 2013. Hapo Kachchh ni 2,092,371. Namba za taluka ulizozijumlisha ni za matokeo ya mwisho, kwa hiyo lazima zigome kulingana na jumla ya awali.

Namna ya kutambua uko toleo gani bila kutafuta mbali: angalia asilimia ya ongezeko iliyoandikwa pembeni. Sensa ya 2001 ilikuwa na watu 1,583,225. Ukiona ongezeko la asilimia 32.03, hayo ni ya awali. Ukiona 32.16, ni ya mwisho. Kuna kurasa nyingi mtandaoni zimechukua idadi ya watu ya mwisho na kuacha asilimia ya awali, au kinyume chake. Piga hesabu mwenyewe: (2,092,371 − 1,583,225) ÷ 1,583,225. Jibu likija 0.3216, endelea na kazi.

Kuna jaribio la pili la haraka. Wanaume 1,096,737, wanawake 995,634. Zikikaa juu ya namba ya mwisho bila kubakisha hata mtu mmoja, uko salama.

#4 · Mchanganuo

Kosa ni langu, asante dada. Ile 2,090,313 ya bandiko la kwanza isomwe 2,092,371. Siifuti, ili swali la #2 lieleweke. Uwiano na jimbo haubadiliki: Gujarat ya matokeo ya mwisho ni 60,439,692, na Kachchh inabaki asilimia 3.46.

#5 · Kalamu ya Tanga

Swali la lugha. Wilaya tumeielewa, lakini taluka tuiite nini? Nimeona mtu kaandika "tarafa", mwingine "kata", mwingine "wilaya ndogo".

#6 · Mzee Ramani

Iacheni taluka. Inaingia ngeli ya i-/zi- bila tabu: taluka hii, taluka hizi. Ukiandika tarafa, msomaji wa Tanzania atafikiria afisa tarafa mwenye ofisi ya vyumba viwili, wakati taluka ya Bhuj ina watu 443,269 na masjala ya ardhi inayojitegemea. Ukiandika kata ndiyo umepotea kabisa. Kule kaskazini mwa India neno ni tehsil na ngazi ni ileile. Sensa yenyewe imeamua kuziita zote wilaya ndogo ili kukwepa ugomvi wa majina, kwa hiyo ukikutana na "wilaya ndogo" kwenye jedwali la taifa zima usishangae. Kwa andiko la Gujarat peke yake, neno la wenyeji ndilo linalotosha.

Kinachowachanganya watu zaidi ya jina ni kwamba ngazi zinashuka kwa miguu miwili sambamba.

Mguu wa kwanza ni wa serikali: ardhi, kodi na amani. Juu yuko Kolekta, ambaye ndiye pia hakimu mkuu wa wilaya kwa mambo ya utawala. Ni mtumishi wa umma, hachaguliwi. Chini yake kuna maofisa wa prant, yaani kundi la taluka kadhaa. Chini ya prant ni mamlatdar, ofisa wa ngazi ya taluka, na ofisini kwake ndiko kuliko kituo cha kompyuta cha kumbukumbu za ardhi kinachoitwa e-Dhara. Mwisho kabisa, kijijini, yuko talati.

Mguu wa pili ni wa halmashauri za kuchaguliwa: panchayat ya wilaya, panchayat ya taluka, panchayat ya kijiji inayoongozwa na sarpanch. Ngazi mbili za juu zina mtendaji wa serikali, Afisa Maendeleo wa Wilaya na Afisa Maendeleo wa Taluka. Kijijini miguu yote miwili mara nyingi inakutana kwa mtu mmoja: talati ndiye pia katibu wa panchayat.

Kwa hiyo mtu akikwambia "ofisi ya taluka", muulize ipi. Nakala ya fomu ya ardhi ya 7/12, wenyewe wanaita saat-baar, inatoka kwa mamlatdar. Barabara ya kijiji na shule ya msingi ni za panchayat. Ukipeleka barua ya shamba kwa Afisa Maendeleo wa Taluka, utarudishwa mlangoni.

Miji iko pembeni ya mguu huo wa pili. Mji wenye nagarpalika, yaani halmashauri ya mji, hauko chini ya panchayat ya taluka, ingawa kwa mambo ya ardhi bado uko mikononi mwa mamlatdar.

#7 · pwani_ya_kusini

Mbona Abdasa siioni kwenye ramani ya barabara? Nimetafuta mji huo mpaka macho yamechoka.

#8 · Mzee Ramani

Hutauona, maana hakuna mji wa jina hilo. Abdasa ni jina la eneo. Makao ya taluka ni Naliya.

Lakhpat nayo ina mtego wake. Mji wa Lakhpat upo na ngome yake ipo, ila makao ya taluka ni Dayapar. Lakhpat ilikuwa bandari tajiri mdomoni mwa mkono wa mto Indus. Tetemeko la 1819 likainua tuta refu la ardhi, wenyeji wakaliita Allah Bund, tuta la Mungu. Maji ya mto yakapinda, bandari ikakauka na watu wakahama. Jina limebaki kwenye taluka, ofisi zimehamia pengine.

Kwa anayetengeneza jedwali: weka safu mbili, "jina la taluka" na "makao". Kwa taluka nane zitafanana. Kwa Abdasa andika Naliya, kwa Lakhpat andika Dayapar. Ukiacha safu moja tu halafu ukaipa kompyuta itafute mahali pake, kwa Abdasa itakutupia kinukta popote itakapoamua.

#9 · kikokotoo_cha_dukani

Vijiji ni vingapi? Kila ninapofungua nakuta idadi tofauti, na sizungumzii tofauti ya kijiji kimoja au viwili.

#10 · BintiTakwimu

Kwa sababu wanahesabu vitu vitatu tofauti na kuvipa jina moja.

Cha kwanza ni kijiji cha kumbukumbu za ardhi. Hiki ni kipande chenye mipaka iliyopimwa na namba yake kwenye masjala, na sensa inatumia hiki. Kinaweza kuwa na makazi manne ndani yake, au kisiwe na mtu hata mmoja. Kijiji kisicho na mtu kinabaki kwenye orodha kikiwa na watu 0, na orodha nzuri hutenganisha vyenye watu na visivyo na watu. Orodha mbaya huvijumlisha kimyakimya.

Cha pili ni panchayat ya kijiji. Vijiji viwili vitatu vidogo vinaweza kuunganishwa chini ya sarpanch mmoja. Hiyo wanaita juth, yaani ya kundi. Na kinyume chake pia kinatokea: Madhapar, pale jirani na Bhuj, imegawanyika panchayat mbili, ya mtaa wa zamani na ya mtaa mpya.

Cha tatu ni makazi yenyewe, vile vitongoji ambavyo watu huvitaja wakiulizwa wanatoka wapi. Hivi havina msimbo wa sensa.

Kwa hiyo kabla ya kunakili idadi ya vijiji vya Kachchh, tafuta maneno mawili matatu pembeni yake yanayosema ni ya aina gani. Kama hayapo, usinakili.

Upande wa miji kuna kitu kama hicho. Sensa inatambua miji ya aina mbili. Ya kwanza ni yenye mamlaka ya mji kisheria. Wakati wa sensa ya 2011 Kachchh ilikuwa nayo sita: Bhuj, Anjar, Mandvi, Gandhidham, Bhachau na Rapar. Ya pili ni makazi ambayo kisheria bado ni kijiji lakini yametimiza masharti matatu kwa pamoja: watu wasiopungua 5,000, msongamano wa angalau watu 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau robo tatu ya wanaume wenye kazi ya kudumu wawe nje ya kilimo. Mahali pa namna hiyo sensa inapaandika mjini, huku sarpanch akiendelea kukalia kiti chake kama kawaida. Ndiyo maana ukijumlisha watu wa nagarpalika tu hufikii ile theluthi na kidogo ya wakazi ambayo sensa inasema wanaishi mjini.

#11 · Mchanganuo

Nyongeza kwenye miji. Tangu 2011 mambo yamesogea: Mundra imeunganishwa na Baroi na kupewa nagarpalika, na kuanzia Januari 2025 Gandhidham imepandishwa kutoka nagarpalika kuwa manispaa kamili, pamoja na miji mingine minane ya Gujarat. Anayeandika leo aandike hadhi ya leo, ila idadi ya watu ya 2011 asiibandike juu ya mipaka mipya. Manispaa inapoundwa humeza vijiji vya pembeni, na watu wa vijiji hivyo mwaka 2011 walihesabiwa kama wanavijiji.

#12 · Jongoo wa Pemba

Msongamano wa Kachchh naona wanaandika watu 46 kwa kilomita ya mraba. Hiyo ni nchi tupu kabisa! Na hapohapo picha za Bhuj na Gandhidham zinaonyesha msongamano wa kufa mtu.

#13 · Mzee Ramani

Hesabu ni sahihi, 2,092,371 gawa kwa 45,674 ni 45.8. Tatizo ni namba unayogawia, yaani eneo. Takriban nusu ya eneo la wilaya ni Rann, tambarare ya chumvi. Wakati wa masika ya kule, kuanzia Juni, maji ya bahari na ya mito yanaifunika. Yakikauka linabaki gamba jeupe la chumvi hadi upeo wa macho. Hakuna anayejenga pale. Ukiiondoa Rann, msongamano unapanda karibu mara mbili, na hata hapo unachanganya malisho ya Banni, visiwa vya nchi kavu kama Khadir (kule Dholavira) na ukanda wa bandari.

Ushauri wangu kwa mchora ramani: usipake rangi ya msongamano kwa wilaya nzima. Paka kwa taluka, na Rann uipe rangi yake ya pekee, iliyo nje ya ufunguo wa msongamano. La sivyo, taluka zinazogusa Rann zitaonekana kama zimekimbiwa na watu.

Taluka tatu zilizoshikana, Bhuj, Anjar na Gandhidham, zina watu 1,005,972. Hiyo ni asilimia 48 ya wilaya. Msongamano unaouona kwenye picha ndio huo.

#14 · Kalamu ya Tanga

Na hilo ongezeko la asilimia 32 ndani ya miaka 10? Maana yake asilimia 3.2 kwa mwaka?

#15 · BintiTakwimu

Hapana, usigawe kwa kumi. Ongezeko linapanda juu ya ongezeko. Chukua 1.3216, tafuta kipeo cha moja ya kumi, unapata 1.0283. Ni asilimia 2.8 kwa mwaka. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukisogeza makadirio miaka 20 mbele kwa 3.2 utaongeza watu ambao hawapo.

Mfululizo wenyewe ni huu:

1951 – 567,606
1961 – 696,440
1971 – 849,769
1981 – 1,050,161
1991 – 1,262,507
2001 – 1,583,225
2011 – 2,092,371

Kwa miaka 40 ya kwanza kila muongo uliongeza kati ya asilimia 20 na 24. Muongo wa 1991 hadi 2001 ukaongeza 25.4, halafu ghafla 32.16, wakati Gujarat nzima iliongeza 19.28. Watu 509,146 wapya ndani ya muongo mmoja si uzazi peke yake. Baada ya tetemeko la 2001, viwanda vipya Kachchh vilipewa msamaha wa kodi, bandari ya Mundra ikapanuka kando ya ile ya Kandla, na wafanyakazi wakamiminika kutoka majimbo mengine.

Ila hapo kwenye 2001 pana shimo la kulijua. Tetemeko lilipiga asubuhi ya 26 Januari 2001, na kuhesabu watu nchi nzima kulipangwa Februari. Bhachau, Anjar, Bhuj na Rapar zilikuwa vifusi. Kuhesabu kukaahirishwa katika Kachchh yote na taluka chache za wilaya za Rajkot na Jamnagar. Matokeo ya awali ya 2001 yaliweka makadirio tu kwa maeneo hayo, na maelezo yake yamo kwenye tanbihi ya chini kwa herufi za mchwa. Hesabu halisi ilifanyika baadaye na ndiyo iliyotoa 1,583,225. Ukikuta kitabu kina idadi nyingine ya Kachchh kwa mwaka 2001, angalia kama ni kile kilichochapwa mapema.

Na jambo moja kwa wanaolinganisha taluka na taluka: orodha za zamani zina taluka tisa. Gandhidham ilimegwa kutoka Anjar. Ukiweka Anjar ya zamani mbele ya Anjar ya 2011 utaona imeporomoka. Unganisha Anjar na Gandhidham za 2011, upate 562,703, ndipo ulinganishe.

#16 · pwani_ya_kusini

Uwiano wa jinsi wameandika 908. Mia tisa na nane ya nini?

#17 · BintiTakwimu

Wanawake 908 kwa kila wanaume 1,000. Sensa zetu Afrika Mashariki zinaandika kinyume, wanaume kwa kila wanawake 100. Kwa mtindo wetu Kachchh ni 110. Ukiweka 908 ya kule na, tuseme, 98 ya sensa ya kwetu kwenye safu moja bila kubadilisha, umeandika kichekesho. Bandari na viwanda huvuta wanaume wanaokuja bila familia, nalo linachangia, ingawa Gujarat kwa ujumla nayo ina wanaume wengi kuliko wanawake.

Wanaojua kusoma na kuandika ni asilimia 70.59, lakini kigawanyo chake si watu wote. Watoto wa miaka 0 hadi 6 wametolewa kwanza. Ukigawa wanaojua kusoma kwa 2,092,371 utapata namba ya chini zaidi na utamlaumu karani bure.

#18 · Jongoo wa Pemba

Kuna sehemu nimeona "Kachchh Mashariki" na "Kachchh Magharibi". Wilaya imegawanywa?

#19 · Mzee Ramani

Hapana. Huo ni mgawanyo wa polisi: Magharibi makao yake Bhuj, Mashariki makao yake Gandhidham. Kolekta ni mmoja na wilaya ni moja. Gujarat ilipozaa wilaya saba mpya Agosti 2013, Kachchh haikuguswa.

Mtego wa pili wa aina hiyo ni uchaguzi. Bunge la jimbo lina viti sita vya Kachchh: Abdasa, Mandvi, Bhuj, Anjar, Gandhidham na Rapar. Majina yanafanana na ya taluka, mipaka haifanani. Taluka 10 haziwezi kuingia viti sita bila kuchanganywa. Na jimbo la uchaguzi la Kachchh kwa bunge la taifa lina viti hivyo sita pamoja na Morbi, ambayo ni wilaya nyingine kabisa ng'ambo ya Rann Ndogo. Kwa hiyo ukichukua wapiga kura wa jimbo hilo ukagawa kwa wakazi wa wilaya, umegawa maembe kwa machungwa.

#20 · kikokotoo_cha_dukani

Hizi koma zao zinaniua: 20,92,371. Nilidhani ni kosa la uchapaji.

#21 · Mchanganuo

Si kosa. Baada ya tarakimu tatu za mwisho wanakata mbilimbili. Unasoma laki 20, elfu 92, mia tatu sabini na moja. Na laki unaijua, mkuu, ni ileile ya "laki mbili na nusu" ya hapa kwetu, neno na thamani. Kinachotutatiza ni crore tu, ambayo ni laki 100, yaani milioni 10. Gujarat ya 2011 ni crore 6 na laki 4 na kidogo.

Kwenye Excel, nakala ya namba hizo mara nyingi huingia kama maandishi na jumla inatoa 0. Ondoa koma zote kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, geuza seli ziwe namba, ndipo uweke koma zako. Lakini safu za misimbo usiziguse. Zifanye maandishi kabla hujafungua faili. Msimbo wa taluka wa 2011 una tarakimu tano unaoanza na sifuri, na Excel huila ile sifuri bila kuaga.

#22 · Nyaraka_za_Forodhani

Nawasoma kimya tangu mwanzo. Kwa sisi wa nyaraka: "Cutch Mandvi", "Moondra", "Luckput". Naona zinaingia moja kwa moja kwenye taluka za leo?

#23 · Mzee Ramani

Kama mji, ndiyo: Mandvi, Mundra, Lakhpat. Kama taluka, taratibu. Kabla ya 1 Juni 1948 Cutch ilikuwa dola ya kifalme chini ya Maharao, ikiwa na migawanyo yake. Kisha ikatawaliwa moja kwa moja na serikali kuu, ikaingizwa jimbo la Bombay 1 Novemba 1956, na Gujarat ilipozaliwa 1 Mei 1960 ikawa wilaya yake. Tharia Topan, mfanyabiashara aliyeshika forodha ya Zanzibar, alizaliwa Lakhpat mjini. Kumwandika "taluka ya Lakhpat" ni kumvika shati la karne nyingine. Andika mji, halafu "sasa katika taluka ya Lakhpat".

Familia nyingi za mafundi ujenzi na wakandarasi wa Kenya asili yao ni vijiji vya kuzunguka Bhuj, kama Kera, Baladia na Madhapar. Hivyo vyote vimo taluka ya Bhuj. Na waliohama hawamo kwenye zile 443,269: sensa inahesabu mtu anapoishi kwa kawaida, si kwao kwa asili. Nyumba zao zilizofungwa, hata hivyo, huorodheshwa wakati wa kuhesabu majengo. Ndiyo maana katika vijiji hivyo usigawe watu kwa nyumba. Gawa kwa kaya.

Kipimo cha haraka cha hati: ukikuta mtu kaandikwa kazaliwa Gandhidham kabla ya India kupata uhuru, hati hiyo imeandikwa au imesahihishwa baadaye. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya wakimbizi wa Sindh baada ya nchi kugawanywa 1947.

#24 · pwani_ya_kusini

Sensa mpya lini, ili tusijenge jedwali la kubomoa?

#25 · BintiTakwimu

Ya 2021 haikufanyika kwa sababu ya korona. Inayofuata saa yake ya rejea ni usiku wa kuamkia 1 Machi 2027, na mipaka ya utawala itakayotumika ni ile iliyokuwapo hadi 31 Desemba 2025. Kwa hiyo jedwali lako lipe safu ya "mipaka ya tarehe gani". Matokeo ya awali yakitoka, yaweke safu ya peke yake na usiyafute ya mwisho yatakapokuja, maana zile 2,058 za mwaka huo nazo zitatafutwa na mtu.

#26 · kikokotoo_cha_dukani

La mwisho. Nimeunganisha jedwali langu na la jimbo zima kwa kutumia majina, Mandvi imetokea mara mbili na jumla imevuka.

#27 · Mchanganuo

Kuna taluka nyingine ya Mandvi, wilaya ya Surat, kusini mwa jimbo. Usiunganishe kwa jina. Chuja kwanza jimbo 24, kisha wilaya 468, hiyo ndiyo Kachchh kwenye sensa ya 2011. Ziwe zimebaki taluka 10. Halafu unganisha kwa msimbo wa taluka, jumlisha, na isome 2,092,371.

#28 · kikokotoo_cha_dukani

Imesoma.